Swali la Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Fomu ya chuo cha meno imefika! Dada Msasa kaniletea mwenyewe, kaikunja kwenye mfuko wa koti lake jeupe, inanuka dawa ya kusukutulia. Nimeisomea stoo katikati ya maboksi ya glovu, mlango nimeuegemea kwa mgongo asije akaingia mtu.

Miaka mitatu nashika mrija wa kunyonya mate. Miaka mitatu nasema "fungua kidogo, funga, tema." Watu nawajua kwa meno kuliko kwa sura. Juzi dukani mama mmoja kanisalimia, nikababaika, sikumkumbuka mpaka alipocheka – aa, gego la juu kushoto, limezibwa mara mbili! Kazi ninayoitaka mimi ni ya Dada Msasa. Kukaa upande wa pili wa kiti, kukwangua ugaga, kusugua meno ya watu mpaka yang'ae. Jina lake limetokana na huko kusugua.

Masharti ya kujiunga nimeyasoma mara tatu. Cheti cha sekondari chenye biolojia na kemia – ninacho, ingawa kemia nilinusurika. Saa arobaini za kushinda kliniki ukitazama kazi – ninazo za kugawa. Chanjo tatu za homa ya ini – nimechomwa mbili, ya tatu wiki ijayo. Barua ya mwajiri. Cheti cha daktari. Mtihani wa mikono: kuchonga jino kwenye kipande cha sabuni mbele ya msimamizi. Usaili. Na mzazi afike chuoni siku hiyo hiyo, asaini fomu mbele ya mwalimu.

Mpaka hapo nacheka peke yangu kama chizi. Halafu nikageuza ukurasa.

Swali la 14: Je, kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa kutetemeka mikono? Ndiyo. Hapana.

Swali la 15: Je, mwombaji mwenyewe amewahi kuona dalili hizo? Ndiyo. Hapana.

Chini yake kwa maandishi madogo: atakayejibu Ndiyo atapelekwa mbele ya jopo la madaktari. Atakayesema uongo atafutiwa nafasi wakati wowote, hata akiwa amebakiza siku moja kuhitimu.

Nilikaa juu ya boksi la glovu, likabonyea.

Nyumbani kwetu neno kutetemeka halitamkwi. Baba alikuwa mchora mabango. Nusu ya maduka ya mji huu, herufi zake ni za Baba: bucha, saluni, duka la vipuri, hata kliniki yetu. Ana mwaka wa nane sasa mikono haimsikii. Mama alitufundisha tuseme "Baba ana baridi." Basi jua linapasua vichwa, wageni wanajipepea na magazeti, na sisi tunasema Baba ana baridi, mleteeni shati la mikono mirefu.

Na mimi. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuandika. Tangu Januari, kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia. Kinacheza. Si kila siku. Kidogo tu.

Sijamwambia mtu yeyote.


Jumanne, 4 Machi

Nimenyoosha mkono mbele ya kioo cha chooni pale kazini. Kidole kimetulia. Nikahesabu mpaka ishirini. Kimetulia. Nikasema asante Mungu – hapo hapo kikacheza.

Au ni mimi niliyekichezesha? Ukikitazama kitu hivyo nacho kinajishtukia!


Alhamisi, 6 Machi

Leo nimemchimba Dada Msasa, kwa kuzunguka mbuyu mzima. Nikamwambia kuna rafiki yangu anataka kuomba, baba yake ana ugonjwa fulani wa mikono. Akaniuliza rafiki gani. Nikasema humjui. Akaendelea kupanga vyombo kwenye trei, hakuniangalia.

Kasema darasani kwao alikuwepo msichana mmoja aliyejibu Ndiyo. Akaitwa kwenye jopo. Ikawa ndiyo mwisho wa kumwona chuoni. Siku hizi ana duka, anauza dawa za meno na miswaki. "Anaendelea vizuri tu," akasema Dada Msasa. Vizuri! Mtu alitaka kuingia mdomoni kwa watu akaishia kuuza miswaki kaunta.

Nikauliza, na aliyejibu Hapana akagundulika?

Akasema huyo hata duka hana.

Mchana alikuwa anamkwangua ugaga dereva mmoja mwenye meno kama mawe ya mtoni, nami nimeshika mrija. Kwa mara ya kwanza sikumtazama mgonjwa, nilimtazama mkono. Kidole chake cha pete hakitoki kwenye jino. Kimeegemea jino la jirani kama mtu aliyeegemea ukuta, vidole vingine ndivyo vinavyofanya kazi. Nimekiona kidole hicho miaka mitatu na sijakiona! Mgonjwa alipoondoka nikamuuliza. Akasema hilo ndilo la kwanza kufundishwa, kabla hata ya kushika chuma cha kukwangulia. Mkono ukiwa hewani, hata kama ni wa malaika, utachana fizi ya mtu. Kila mkono hutetemeka, akasema, ila hauonekani mpaka uushikishe kitu chenye ncha.

Kila mkono! Nimelirudia neno hilo njia nzima.

Lakini alilisema kunifariji, au alilisema kwa sababu ni kweli? Na kwa nini anifariji, kama ni habari za rafiki yangu?


Jumapili, 9 Machi

Mazoezi. Mayai sita, rangi ya kucha ya Kinanda (nyekundu, kanuna) na chuma kimoja butu nilichookoa kwenye kopo la vyombo chakavu kazini. Unapaka rangi kwenye ganda, unaacha ikauke, unaikwangua yote bila kupasua yai. Dada Msasa kasema hivyo ndivyo walivyojifunza wao.

La kwanza likapasuka. La pili nikaliegemezea kidole cha pete – likatoka safi! La tatu safi. Nikapiga kelele kama nimefunga goli. Kinanda ni mdogo wangu, tulimpa jina hilo kwa sababu ya meno yake, makubwa, meupe, yamejipanga utadhani yanasubiri kupigwa. Kaja kuangalia, akasema kwa kazi hiyo nitapata vyeo vikubwa katika wizara ya kuku.

Baba alikuwa amekaa kizingitini, mikono kaiweka katikati ya magoti, anavyoificha siku zote. Akaomba ajaribu. Mama akasema mayai yenyewe ni ya chai ya asubuhi, yasichezewe. Baba akasema hata yeye atakuwa mmoja wa wanywaji wa hiyo chai. Akalishika yai. Nikamwekea kidole chake cha pete juu ya ganda, nikakibana na changu, nikamkabidhi chuma.

Alikwangua kidogo, kama ukubwa wa ukucha. Halikupasuka. Akatabasamu – ana meno mazuri Baba, hana hata moja lililotoboka – akasema na wao wachora mabango walikuwa na fimbo. Unaikandamiza ubaoni kwa mkono wa kushoto, kiganja cha kulia unakilaza juu yake, unachora. Miaka miwili ya mwisho ya kazi yake, anasema, yote ilibebwa na ile fimbo. Wateja hawakujua. "Hata mama yenu hakujua."

Mama akageukia sufuria.

Miaka miwili aliificha! Nilimtazama nikaona naitazama fomu.


Jumatano, 12 Machi

Chanjo ya tatu. Bega linawaka moto. Sharti moja limekwisha.

Kutoka chanjo nikapanga foleni ya cheti cha daktari. Watu kama arobaini, kila mmoja na bahasha. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijifunza hadi namna ya kunyoosha mikono, vidole vikigusana ili kimoja kimshike mwenzake. Nilikwishapanga hata cha kusema kikicheza: kwamba sijala.

Daktari hakunitaka ninyooshe chochote. Macho, urefu, uzito, ulimi. Kisha bila kuinua kichwa, kwa pumzi moja: kifafa, kisukari, pumu, kutetemeka, wewe au ndugu?

Hapana, nikasema.

Akapiga muhuri. Sauti yake ile – pwa! – nimeisikia mpaka kwenye fizi. Akajaza vile visanduku vya fomu yeye mwenyewe, kwa kalamu yake, la 14 Hapana, la 15 Hapana, akaita anayefuata. Haikufika dakika tatu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilidhani uongo ni mpaka uupange. Kumbe unaulizwa tu, mdomo unajibu.

Sasa umepigwa muhuri.


Alhamisi, 13 Machi

Kidole kimecheza tangu asubuhi. Mrija wa mate ukamgonga mgonjwa kwenye jino la mbele. Kasema haina shida. Daktari wetu wa meno akanitupia jicho moja juu ya barakoa.


Jumamosi, 15 Machi

Nimemkata Kinanda.

Niandike kwa utaratibu. Mimi ndiye niliyemwomba. Nimechoka na mayai, nikamwambia nikusafishe meno ya chini tu, ya mbele, yale yenye ugaga kwa ndani. Chuma nilikichemsha – kwenye sufuria ndogo ya Mama, jambo ambalo ni kesi nyingine. Tukakaa dirishani penye mwanga. Glovu, barakoa, kila kitu. Kidole cha pete juu ya jino, chuma chini ya fizi, taratibu, na ugaga ukawa unatoka vipande vipande. Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia. Nikasema hii ndiyo kazi yangu, jamani, hii hapa.

Mara Baba akaniita kutoka uani.

Niligeuka. Kidole kikatoka kwenye jino, mkono ukabaki hewani na chuma bado kiko mdomoni! Kinanda akapiga ukelele. Damu. Si nyingi, lakini damu ikichanganyika na mate inajifanya ndoo. Kumbe Baba alitaka kuuliza tu kama nimeona miwani yake.

Damu ilikata. Kinanda kasukutua kwa maji ya chumvi, akaapa hatasema, akaongeza kwamba ningekuwa namfanyia mtu baki ningekuwa nimeshafikishwa mahakamani. Alikuwa anatania. Nilicheka naye. Halafu nikaenda kuketi nyuma ya nyumba nikalia mpaka kwikwi.

Nimeteleza au nimetetemeka? Hilo tu ndilo ninalotaka kujua. Mtu yeyote akiitwa ghafla atashtuka. Dada Msasa mwenyewe angeshtuka. Lakini Dada Msasa akishtuka anajua ameshtuka. Mimi sijui! Natetemeka kwa sababu naogopa, au naogopa kwa sababu natetemeka? Na kama ni kweli, kama ni ile ya Baba, basi siku moja mtu atafungua mdomo mbele yangu kwa kuniamini, afumbe macho kama wanavyofumba, na mimi nimeshika chuma chenye ncha.

Naliogopa jopo. Lakini leo nimejiogopa mimi.


Jumatatu, 17 Machi

Usaili Ijumaa, saa tatu asubuhi. Wamepiga simu. Mimi ni namba nane.

Nimemsomea Mama masharti tena jikoni: mzazi aje asaini mbele ya mwalimu. Mama akaacha kukatakata vitunguu. Hakuuliza fomu inasemaje, wala sikumwambia. Ila Mama ana akili ya haraka kwenye mambo yasiyosemwa. Akasema aende Baba Mdogo. Baba Mdogo ana suti, anajua kuongea na watu wa ofisini, na mwandiko wake umenyooka. Baba yako asisumbuliwe, akasema, na baridi hii.

Nikasema sawa. Nilisema haraka mno. Nilikuwa namsubiri aseme.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Baba akaingia, polepole, akachukua kikombe cha maji, akanywa wima, nusu yakamwagikia shatini. Akauliza kwani fomu imeandika mzazi au imeandika suti.

Akasema basi Ijumaa aamshwe mapema, na shati lake la bluu lipigwe pasi. Akatoka.

Mama akavirudia vitunguu. Macho mekundu, na safari hii si vitunguu vilivyomliza.


Jumatano, 19 Machi

Nimefika nyumbani mapema, mgonjwa wa mwisho hakutokea. Baba yuko uani, kanipa mgongo, ubao magotini, gazeti juu ya ubao. Nilidhani anasoma. Nikasogea.

Anafanya mazoezi ya sahihi yake.

Ukurasa mzima, kila pembezoni, kila nafasi nyeupe kati ya habari na habari. Jina lake, jina lake, jina lake. Zile za juu zimepinda huku na huku. Za chini, kaegemeza kiganja kwenye ukingo wa ubao na kuushika mkono kwa mkono mwingine, karibu zinyooke. Karibu kabisa. Mtu aliyeandika mji mzima anajifunza kuandika jina lake ili nisiaibike!

Nilitaka kurudi nyuma, nikakanyaga debe.

Hakuficha gazeti. Akauliza fomu inauliza nini kuhusu yeye. Nikasema haiulizi kitu, Baba. Jina na sahihi tu.

Akasema sawa, mama – akiwa na mapenzi huniita mama – akarudi kwenye gazeti.

Nimeongopa kwa daktari, halikuniuma hivi. Leo nimeuma ndani ya shavu mpaka nimeonja damu.


Alhamisi, 20 Machi

Siwezi kula. Naweza kufanya lipi? Nikiukana ule muhuri nikasema Ndiyo kwa la 14, naupeleka ugonjwa wa Baba kwenye jopo bila yeye kujua. Nikisema Ndiyo kwa la 15 najipeleka mwenyewe. Nikinyamaza naingia chuo na bomu kwenye begi.

Dada Msasa kanipa barua ya mwajiri, imesainiwa na Daktari wetu wa meno. Ameniandikia mambo ambayo sikujua kama yeye aliyaona: kwamba sijawahi kuchelewa, kwamba wagonjwa waoga huniomba mimi niwashike mkono. Wananiomba mimi! Nilikunja barua haraka isije ikalowa.

Dada Msasa alipokuwa ananiaga akasema, "Msalimie yule rafiki yako." Sauti yake haikuwa na utani.


Ijumaa, 21 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi. Baba yuko pembeni yangu. Nina dakika chache, na badala ya kujaza fomu naandika humu. Nimechanganyikiwa. Niandike tangu mwanzo, huenda nikapata akili njiani.

Sabuni kwanza. Tulikuwa kumi na wawili ukumbini, kila mtu na kipande chake cheupe, kisu kidogo na picha ya gego. Tulipewa muda wa saa moja na nusu. Dakika ya kwanza kidole kilinichezea kama kimeajiriwa kwa kazi hiyo. Nikajikaza. Nikakilaza kidole cha pete juu ya sabuni, nikakikandamiza hasa, na mkono wote ukatulia. Nikachonga. Vilima vinne vya juu, bonde la katikati, shingo, mizizi miwili. Jirani yangu wa kushoto mizizi yake ilikatika akaanza kulia taratibu, maskini. Msimamizi akapita, akasimama nyuma yangu muda mrefu, jasho likanitiririka mpaka kiunoni. Akauliza nani alinifundisha kuegemea. Nikasema naona wanavyofanya kazini. Akaligeuzageuza jino langu kiganjani, akasema, "Hili hata mimi ningeling'oa kwa huruma." Wenzangu wakacheka. Nikaona mlango wa chuo umefunguka na mimi nipo ndani tayari.

Kisha fomu.

Mwalimu wa usaili ni mama wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni, meno ya chini yamesongamana kidogo, masafi sana. Kanikalisha. Kaperuzi vyeti, barua, kadi ya chanjo. Anatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema mzazi aingie.

Baba akaingia na shati lake la bluu. Akavua kofia. Mwalimu akamwamkia vizuri, akamsogezea kiti, akamwekea fomu na kalamu, akamwonyesha pa kusaini.

Nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo: aegemeze kiganja, kama juzi, aegemeze kiganja.

Aliegemeza. Meza ilikuwa pana, kiganja kikatua vizuri, kalamu tayari. Lakini Baba ni mchora mabango. Maisha yake yote hajawahi kuandika kitu bila kukisoma kwanza. Akavaa miwani. Akaanza juu kabisa. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari, jina langu, tarehe yangu ya kuzaliwa, kumi, kumi na moja. Nikakiona kinafika kumi na nne. Kikasimama hapo. Kile kisanduku cha Hapana, na alama ya daktari ndani yake.

Hakunigeukia. Nilitamani anigeukie, anitukane, aseme chochote!

Akakiinua kiganja kutoka mezani. Akaushusha na mkono wa kushoto, ukakaa gotini. Akasaini mkono ukiwa hewani, mbele ya mwalimu, bila haraka, bila kuushika. Jina lake likayumba kutoka mwanzo wa mstari hadi nje ya mstari kama mdudu aliyeanguka kwenye wino. Akaweka kalamu chini. Ikagonga meza mara mbili tatu kabla hajaiachia.

Mwalimu akaitazama sahihi. Akatazama juu kidogo, kwenye swali. Akanitazama mimi. Nikatazama miguu yangu.

Halafu akasema fomu hii imechafuka.

Haikuwa imechafuka. Ilikuwa safi, nimeitunza kwenye nailoni wiki tatu! Akafungua droo, akatoa nyingine, mpya. Akasema nikakae nje, nijaze upya, swali kwa swali, kwa mkono wangu mwenyewe. Cheti cha daktari nacho kitarudiwa, atampigia simu daktari yeye mwenyewe. Baba yangu atasaini tena nikimaliza. Namba tisa akitoka nitaitwa tena. Nikauliza, je nikijaza tofauti? Akasema jopo ni la watu watatu, yeye mmojawapo, na hajui watasemaje, hawezi kuniahidi. Akaniambia jambo moja tu zaidi: fomu ile ya kwanza ataichana leo jioni. Hakusema ataichana nikijaza nini.

Basi niko benchini. Nimejaza moja hadi kumi na tatu. Hapo nikakwama, nikafungua daftari hili.

Nimemwambia Baba nisamehe. Nimesema nilitaka – nikashindwa kusema nilitaka nini. Akasema hata yeye angeandika Hapana. Aliandika Hapana miaka miwili, kwenye kuta za watu. Kisha akaomba kalamu. Nikampa. Akaichukua fomu magotini kwangu, akasema la kumi na nne ni lake, atalijibu mwenyewe. Akatia alama kwenye Ndiyo. Mkia wa alama umetoka nje ya kisanduku, umefika karibu na ukingo wa karatasi.

Akanirudishia kalamu. "La kumi na tano silo langu," akasema.

Nikamwambia sijui unasema nini, Baba. Mimi mzima.

Mfagizi akapita na ndoo yake, tukainua miguu, akapita. Ndipo Baba akasema, macho yako kwenye ule mlango, kwamba amejua tangu nilipoanza kushika kikombe kwa mikono miwili.

Tangu Januari! Amenitazama nikinywa chai tangu Januari, kila asubuhi, na hakusema kitu, kama sisi tusivyomwambia kitu yeye.

Nikamuuliza ilianzaje kwake. Sijawahi kumuuliza. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Akasema ilianza kwa kidole cha mwisho. Nikasikia baridi, baridi ya kweli, kutoka utosini. Akasema lakini hata mdogo wake, yaani Baba Mdogo, kilimcheza miaka ya ujana wake kikaacha, na mpaka leo mzima. Hivyo hajui. Hakuna ajuaye, akasema, labda hao wa jopo.

Namba tisa ametoka. Anacheka, anakumbatiana na mama yake.

Nimenyoosha mkono juu ya fomu. Kidole kimetulia. Leo, sasa hivi, baada ya yote haya, kimetulia tuli kama cha mtu mwingine! Kwa hiyo nikiandika Hapana, nani atasema nimeongopa? Naogopa kuandika Ndiyo nikakosa kazi niliyoipenda kwa kidole ambacho kesho kinaweza kuacha. Naogopa kuandika Hapana nikaipata. Naogopa yote mawili kwa kipimo kimoja, na kalamu iko mkononi.

Namba nane, wanaita.

Baba kasimama, kanishikia begi. Wanaita tena. Nimesema kwa sauti, nadhani ukumbi mzima umesikia: naomba dakika moja, nina swali moja bado. Mwalimu ametokeza kichwa, ameniona, ameuacha mlango wazi na kurudi kukaa. Naweka daftari chini sasa, fomu iko magotini, la kumi na tano linanisubiri.